Kipima sauti cha bei nafuu kipo, ila usikinunue bila kalibreta

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua nimjibu yule dada wa Lindi mliyemtoa juzi, anayetengeneza manyanga, vigoma na vidude vingine vya mbao vya watoto, aliyeuliza anunue kipima sauti gani cha bei isiyomfilisi ili awe anapima bidhaa zake mwenyewe kabla hajazipeleka kukaguliwa. Nimeona na majibu aliyopewa. Mmoja kamwambia apakue app kwenye simu mambo yaishe, mwingine kamwambia kama hana milioni za kutosha asijisumbue maana vifaa vya maana ni vya maabara tu. Wote wawili wamempoteza dada wa watu.

Mimi ni fundi, karakana yangu ipo Chuno hapa Mtwara, natengeneza mashine ndogo za kubangulia korosho na zile za kukata majani ya mifugo, na kelele napima kila mashine kabla haijatoka, sio kwamba napenda sana ila wateja wa siku hizi wanauliza, hasa wenye viwanda vidogo vya Newala na Tandahimba wanaotafuta soko la nje, maana mnunuzi akitembelea kiwanda haangalii korosho peke yake, anaangalia na wale akina mama wanaokaa masaa nane mbele ya mashine wamevaa nini masikioni.

Jibu langu kwa dada ni hili: nunua mita ya sauti, ndio hicho kipima sauti, ya daraja la 2 la usahihi, ya kawaida tu, alafu hela ambayo ungeiongezea kwenye mbwembwe nunulia kalibreta, kidude cha kuhakikia kama mita inasoma ukweli. Kama haitoshi vyote viwili, usinunue mita peke yake, tafuta wenzako mchange. Na nitaeleza kwanini nang'ang'ania hapo kwenye kalibreta.

Huku kwetu msimu wa korosho ukifunguliwa hakuna mkulima anayepandisha gunia lake kwenye mizani ya AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, bila kutupia jicho stika ya Wakala wa Vipimo, mizani iwe mpya inang'aa vipi, kama haijahakikiwa maneno yanaanza hapo hapo ghalani. Sasa kipima sauti nacho ni mizani, tofauti yake ni kwamba kilo ukiibiwa unaweza kuhisi kwa mkono, ila desibeli 3 zikiibiwa ni vigumu mtu kuzihisi kwa sikio tu. Na desibeli 3 sio ndogo hata kidogo. Hii hesabu ya kelele haiendi kwa kujumlisha kama shilingi, kila ukiongeza 3 nguvu ya sauti imekuwa mara mbili. Mashine moja ikitoa 85, ukiweka ya pili yake pembeni hupati 170, unapata 88. Na taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, inashauri mtu asizidishe masaa 8 kwa siku kwenye desibeli 85, ikifika 88 masaa yanakuwa 4, ikifika 91 ni 2, na ikifika 100 ni robo saa tu. Kwahiyo mita yako ikisoma 85 wakati ukweli ni 88, umemwambia mfanyakazi akae siku nzima sehemu ambayo alitakiwa atoke saa sita mchana.

Kalibreta yenyewe ni kidude kinachoenea kiganjani. Kina tundu, unachomeka maikrofoni ya mita humo ikae imebana, unabonyeza, kinatoa mlio mmoja wa hezi 1,000, yaani mitetemo 1,000 kwa sekunde, kwa kiwango kinachojulikana, desibeli 94, na nyingi zina na swichi ya 114. Hiyo 94 haikuokotwa tu, ndio presha ya paskali 1. Mita inatakiwa isome hivyo hivyo, isiposoma unairekebisha kwa bisibisi ndogo pembeni au kwenye menyu, basi. Unafanya hivyo kabla ya kupima na unarudia ukimaliza, na kama kabla na baada zimeachana zaidi ya nusu desibeli ile kazi yote unaitupa unaanza upya. Ndivyo viwango vya ISO vya kupima kelele za mashine vinavyosema na mimi naona ni sahihi kabisa. Mimi natumia ile 114 karibu kila siku, maana jirani yangu anachomelea mageti, na grainda yake haingoji mimi nimalize kuhakiki kwa 94.

Kitu ambacho wauzaji hawasemi ni kwamba sio kila mita inaingia kwenye kalibreta. Maikrofoni ya kawaida ina kipenyo cha nusu inchi, yaani milimita 12.7, na tundu la kalibreta limetengenezwa kwa saizi hiyo, zile nyembamba za robo inchi zinahitaji adapta, ambayo mara nyingi inakuja kwenye boksi la kalibreta. Ila kuna mita nyingi za bei ya kutupa ambazo maikrofoni yake imefichwa ndani ya plastiki pana yenye vitundu, haichomoki wala haichomekeki popote. Hiyo dada iache dukani. Hata kama imeandikwa maneno gani, hakuna namna utakayoihakiki, na mwaka kesho hutajua inasoma nini.

Tukija kwenye maandishi ya kwenye boksi. Kiwango cha kimataifa cha mita hizi kinaitwa IEC 61672, kilitoka 2002 kikafanyiwa marekebisho 2013, na ndani yake kuna madaraja mawili tu, la 1 na la 2. Ukisikia daraja la 3 jua hapo hamna kitu. Kabla ya hapo kulikuwa na IEC 651, ambayo nafasi yake ilishachukuliwa, ila ukiingia kwenye maduka ya mtandaoni utakuta mita mpya kabisa zimeandikwa "IEC 651 Type 2". Sio lazima iwe mbovu, ila inakuambia kwamba huyo mtengenezaji hajahangaika kuipima kwa kiwango cha sasa, au ameiga maandishi ya mwenzake. Mimi nikiona hivyo naongeza maswali.

Na pale panapoandikwa usahihi wa jumlisha au toa desibeli 1.5 panadanganya watu wengi sana. Hiyo 1.5 ni ya wapi? Ukisoma maandishi madogo ya chini ni kwa ule mlio wa hezi 1,000 tu, na hapo ndipo kila mita inajitahidi. Mita za sauti zina kichujio cha A, kinachofanya mita isikie kama sikio la mtu linavyosikia, linalopunguza sauti nzito, mfano ngurumo ya hezi 100 inapunguzwa desibeli 19, ile ya 63 inapunguzwa 26. Kwenye hezi 1,000 kichujio hakipunguzi wala kuongeza, ni sifuri. Kwahiyo mita ya hovyo na mita ya maana zinaweza kukubaliana vizuri kabisa kwenye 1,000 alafu zikagombana kwenye sauti nzito na sauti kali za juu.

Hili nimeliona kwa macho. Kuna mteja alikuja na kimita chake cha bei rahisi, akakiweka pembeni ya changu kwenye stendi moja mbele ya mashine ya kubangua. Mota peke yake ikizunguka bila mzigo vimita vilienda sambamba vizuri tu, mwenzangu akaanza na kunicheka kwamba nimepoteza hela. Nikamwambia tusogee kwenye ile mashine ya kumenya ganda la ndani, inayotumia upepo wa kompresa, yale mashuzi ya upepo unayajua, yanachoma sikio. Pale pale changu kikawa juu yake kwa desibeli 4. Mashine ni ile ile, dakika ni ile ile. Chake kilikuwa hakisikii vizuri sauti kali, na sauti kali ndio inayowaumiza wale wamenyaji.

Ila nisidanganye watu kwamba daraja la 2 ni malaika. Kwenye hezi 1,000 mita ya daraja la 2 inaruhusiwa kukosea desibeli 1 juu au chini, la 1 inaruhusiwa 0.7, yani hapo hawajaachana sana. Ila kwenye hezi 8,000 daraja la 2 linaruhusiwa kukosea mpaka 5, ndio, tano. Kwahiyo kama bidhaa yako kazi yake ni kupuliza upepo, kupiga filimbi nyembamba au kusaga chuma, daraja la 2 litakupa picha tu, namba ya kuandika kwenye karatasi katafute mtu mwenye daraja la 1 akupimie. Kama bidhaa yako inanguruma, inagonga au inatingisha, daraja la 2 linakutosha kwa kazi ya karakana.

Sasa dada, manyanga yako. Hapa ndipo nilipotaka kufika kwasababu hakuna aliyekuambia. Mita za bei ya chini zina kitufe cha FAST na SLOW na kingine cha MAX, na muuzaji atakuambia MAX ndio kilele. Sio kweli. FAST inachukua sauti kwa wastani wa milisekunde 125, SLOW kwa sekunde 1. Punje za ndani ya nyanga zikigonga mbao ule mgongano ni wa milisekunde chache sana, ukishtuka umeshapita. Ukipima mlio uliodumu milisekunde 10 kwa FAST, mita itakusomea desibeli 11 chini ya ukweli, na ukiwa wa milisekunde 1 itakusomea 21 chini. Sio kwamba mita mbovu, ndivyo kiwango chenyewe kinavyoitaka ifanye kazi. Kwahiyo nyanga linalogonga sikio la mtoto kwa 118 utaliona kwenye kioo ni mia na kidogo, utafurahi, utalipeleka sokoni.

Unachotaka wewe ni mita yenye kilele cha kweli cha kichujio cha C, kile kisichopunguza sana sauti nzito kama A, kwenye kioo inaandikwa LCpeak au Cpk, pamoja na LAeq, ambayo ni wastani wa sauti kwa muda wote uliopima. Bila hivyo viwili haijalishi umelipa shilingi ngapi. Kiwango cha Marekani cha midoli, ASTM F963, kinasema midoli ya kawaida isizidi 85 za LAeq ukipima kwa sentimita 50, ile ya kuweka sikioni isizidi 65 kwa umbali huo huo, na milio ya kugonga ya ghafla isizidi kilele cha 115, cha sikioni kisizidi 95. Natoa hizo ili upate pa kulenga, neno la mwisho la hapa kwetu ni la TBS, shirika letu la viwango, nenda kawaulize bidhaa yako wanaiweka kwenye kiwango kipi, usinisikilize mimi fundi wa korosho.

Na hiyo sentimita 50 ipime kwa rula, sio kwa kukadiria. Ukiweka 45 badala ya 50 namba inapanda karibu desibeli nzima. Mimi kwenye mashine nafunga kamba yenye fundo kwenye stendi, fundo likigusa bodi najua nipo mita 1, na mita yenyewe ikae kwenye stendi ya miguu mitatu, tena ile ya kupigia picha ya bei ya kawaida inatosha kwasababu mita nyingi zina tundu la skrubu ile ile. Usiishike mkononi, mwili wako unarudisha sauti, na ukiinama kusoma kioo ndo unaharibu kabisa. Kwa mashine ambayo mtu anasimama kuitumia, maikrofoni iwe usawa wa sikio lake, mita 1 na nusu hivi na ushee kutoka chini.

Alafu kelele za pembeni. Zima bidhaa yako kwanza upime ukimya wa hapo ulipo. Kama tofauti kati ya ikiwaka na ikizimwa ni zaidi ya 10, songa mbele. Kama ni 6 punguza 1.3 kwenye jibu lako, kama ni 3 punguza 3 nzima, na kama ni chini ya 3 funga mita uende nyumbani, hapo unapima bodaboda. Kwa sisi wa mjini hii ndio shida kubwa kuliko hata ya mita, umeme ukikatika kila duka linawasha jenereta lake na kipimo kimekufa. Ndo maana mimi napima Jumapili asubuhi. Miezi ya kusi nayo, ukipimia nje vaa maikrofoni ile sponji nyeusi, na upepo ukizidi mita 5 kwa sekunde acha, sponji haitoi miujiza. Na usipimie kwenye kona ya ukuta wala chini ya bati tupu, sauti inarudi na kujumlishwa mara mbili.

Nirudi kwa yule wa app. Sina ugomvi na simu. Hao hao NIOSH waliwahi kutengeneza app yao ya kupima kelele, wakaijaribu maabara wakaona inakosea ndani ya desibeli 2, ila waliitoa kwa iPhone tu, Android wakaiacha, na sababu yao ilikuwa kwamba simu za Android ni za aina nyingi mno na kila moja ina maikrofoni yake. Sasa nionyesheni huku Chikongola au Mikindani ni watu wangapi mfukoni wana iPhone. Maikrofoni ya simu imetengenezwa kusikia maneno ya mtu, sauti nzito inazikata na kelele ikizidi inalemewa, inabaki pale pale hata ukiongeza mashine nyingine. App itakusaidia kujua kama nyanga la leo limezidi la jana, kwa simu ile ile na sehemu ile ile. Kuandika namba kwenye lebo ya bidhaa ya mtoto kwa kutumia app, hapana.

Bei. Hizi zinabadilika na dola na nani anakuletea, ila kwa ninavyoona mitandaoni, vile vimita visivyo na daraja vinaanzia dola 20 hivi, daraja la 2 lenye LAeq na kilele cha C linaanzia dola 150 mpaka 400, daraja la 1 ni elfu na kuendelea na kuna zinazofika bei ya bajaji. Kalibreta zinaanzia dola mia hivi. Ongeza usafiri na ushuru. Kwahiyo mita ya daraja la 2 pamoja na kalibreta yake bado ni nafuu kuliko daraja la 1 iliyo peke yake, na nakuhakikishia mita ya daraja la 1 iliyokaa miaka mitatu bila kuhakikiwa siiamini kuliko la 2 iliyohakikiwa asubuhi hii.

Kuna cha kuangalia kingine, vyeti. Kwenye boksi mara nyingi kuna karatasi ya cheti. Kuna duka moja Dar, silitaji, mwenzangu alinunua mita mbili pale na vyeti vyote viwili vilikuwa na namba zile zile mpaka kwenye desimali ya mwisho, vimetofautiana namba ya mita tu. Vimepigwa kopi hivyo. Cheti cha maana kinatoka maabara yenye ithibati ya ISO/IEC 17025, kinaonyesha mita ilisoma nini kwenye milio tofauti tofauti, nzito na kali, sio ule wa 1,000 peke yake, kina tarehe na kinaonyesha joto na unyevu wa siku ile. Na kalibreta nayo inahitaji cheti chake, tena hicho ndicho cha kulipia kwanza, kwasababu ikishahakikiwa kalibreta wewe mwenyewe unaweza kuangalia mita yako kila siku. Muulize muuzaji swali moja kabla hujatuma hela: mkinihakikia baada ya mwaka nalipa ngapi na inapelekwa wapi. Akianza kuzunguka zunguka, tafuta mwingine.

Sisi wa pwani tuna na adui mwingine, chumvi na unyevu. Kile kingozi cha ndani ya maikrofoni ni chembamba mno, kikipata unyevu kinaanza kukoroma na namba zinacheza cheza hata pakiwa kimya. Mimi mita inalala kwenye kopo la plastiki la mfuniko mgumu pamoja na vile vifuko vidogo vya kunyonya maji vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, navikusanya popote nikiviona, mke wangu ananicheka. Usiiache kwenye dashbodi ya gari pia, mita za daraja la 2 zimepimwa kufanya kazi mpaka nyuzi joto 40 na gari likiwa juani Masasi linapita hapo mapema tu. Na betri, zile nyingi zinatumia betri ya mraba ya volti 9, alama ya betri ikianza kuwaka badilisha, usisubiri izime, maana kuna mita zinaanza kusoma chini kabla hazijazima.

Nikimaliza na dada, nina neno kwa wakubwa wetu, Mhariri, na hili naomba msilikate. Watengenezaji wadogo wa mikoa hii miwili tupo wengi, wa mashine za kusaga, za kukoboa, za korosho, wa midoli, wa majiko ya feni, na kila mmoja anaambiwa pima bidhaa yako. Sawa, tupime. Ila hakuna sababu ya kila mmoja kununua kalibreta ambayo ataitumia dakika mbili kwa wiki. SIDO wapo Mtwara na wapo Lindi, kazi yao toka 1973 ni viwanda vidogo, kalibreta moja ya daraja la 1 na mita moja ya daraja la 1 kwenye kila ofisi, tukodishiwe kwa siku kwa bei ya kueleweka, na wao ndo waipeleke kuhakikiwa kila mwaka, ingetutoa wengi. Kama bajeti hamna, vikundi vya akina mama na vijana vinavyochukua ile mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri vinaweza kuandika kitu hiki kwenye maombi yao, ni biashara kabisa, kikundi cha watu watano kinakodisha kwa mafundi wengine na deni linalipika. Nimeona vikundi vinaomba viti na maturubai ya kukodisha, mtaa mmoja una maturubai ya vikundi vinne vinagombania harusi moja, kalibreta hakuna hata mmoja.

Na kwa watengenezaji wenzangu wa mashine wanaoota kuuza nje: kwenye sheria ya mashine ya Ulaya, ile ya 2006/42/EC, sauti kwenye sehemu anayokaa mtumiaji ikizidi 70 lazima uiandike kwenye kitabu cha maelekezo, na ikizidi 80 unatakiwa uandike na nguvu ya sauti ya mashine nzima, ambayo ni kipimo kingine chenye hesabu zake. Kwahiyo usianze kupima siku mteja anapouliza. Mimi kikomo kikiwa 85 naitaka mashine yangu isome 82 au chini ya hapo kwenye mita yangu ya daraja la 2, hizo 3 naziacha za kosa la mita na kosa langu. Ikisoma 84 narudi kwenye beringi na mkanda, na mara nyingi ni gadi ya bati iliyofungwa bila raba chini, unaweka vipande vya tairi la baiskeli kwenye bolti inashuka. Hiyo ndo raha ya kuwa na mita yako karakanani, unajaribu hapo hapo, cheti utakifuata baadae kwa wenye maabara ukiwa unajua unapeleka nini.

Dada wa Lindi, kabla hujanunua chochote panda basi la asubuhi uje na manyanga yako, Jumapili yoyote kabla ya saa tatu, kabla huyu wa mageti hajafungua. Mita yangu ina kilele cha C, tutapima nyanga moja moja, za punje za mchele, za mtama na za kokoto ndogo, utaona mwenyewe zipi zinavuka. Namba yangu ya simu Mhariri anayo.

Wenu,
Fundi mashine wa Chuno,
Mtwara